Kabla ya baiskeli ya bei ghali, kijana wa Uvira atafute wa kupanda naye Rurambo

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa, baiskeli huwa zimeshajaa kwenye barabara inayoingia Uvira kupitia Kavimvira. Zimebeba makaa, unga wa muhogo, ndizi na madumu ya mafuta ya mawese. Ni baiskeli za chuma zisizo na gia, na breki zake nyingi ni soli ya kandambili inayokandamizwa kwenye tairi. Wanaozisukuma wametoka mbali, wengine vijiji vya milimani, na hakuna anayewaita wanamichezo.

Kwenye barabara hiyohiyo, saa hiyohiyo, hupita pia kijana wa aina nyingine. Huyu ana baiskeli ya milimani yenye gia na matairi mapana, amevaa kofia ngumu, na yuko peke yake. Anakwenda hadi Kiliba, anageuza, anarudi nyumbani. Ndoto yake ni mashindano marefu ya milimani, yale ya siku nzima au ya siku kadhaa mfululizo. Swali lake ni moja, na vijana wengi wa mji huu wanalo: atampata wapi mtu wa kufanya naye mazoezi?

Jibu linampita kila siku likiwa limebeba gunia. Kosa la vijana wengi wanaopenda mchezo huu ni kudhani kwamba mwenzao wa mazoezi lazima awe na baiskeli kama yao, nguo kama zao na ndoto kama yao. Wakisubiri mtu wa namna hiyo Uvira, watasubiri hadi magoti yazeeke. Wanayemhitaji ni mtu anayejua njia, anayeweza kukaa saa tano juu ya pedeli, na ambaye hatamwacha mwenzake mlimani. Watu hao wapo, tena wengi.

Mlima upo, mtu hayupo

Uvira ina bahati ya kijiografia ambayo miji mingi haina. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Nyuma ya mji, milima ya Mitumba inainuka hadi kupita mita 3,000. Kaskazini kuna tambarare ya Ruzizi, inayopita Kiliba, Runingu, Sange, Luberizi na Luvungi hadi Kamanyola, karibu kilomita 80 kutoka mjini. Juu ya tambarare hiyo, upande wa magharibi, ndiko iliko milima ya Rurambo, yenye malisho, mashamba, ukungu na njia za udongo ambazo mvua ikinyesha hugeuka utelezi.

Kwa mwendesha baiskeli wa masafa marefu, huo ni uwanja kamili. Tambarare inampa saa nyingi za mwendo wa kadiri, na mlima unampa mpando mrefu, mawe, tope na mteremko unaopima breki na moyo. Wanariadha wa nchi tajiri hulipa fedha nyingi kusafiri hadi mahali penye mchanganyiko kama huo. Wa Uvira akifungua mlango wa nyuma, mlima uko hapo.

Lakini mlima peke yake haumfundishi mtu. Mazoezi ya mbio ndefu yana siri moja ambayo makocha wengi wanakubaliana nayo: sehemu kubwa ya saa za mazoezi inapaswa kuwa ya mwendo mwepesi, na sehemu ndogo tu iwe ya kujikaza kweli. Kipimo rahisi cha mwendo mwepesi ni maneno. Kama mtu anaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, yuko sawa. Akijibu kwa neno mojamoja, amezidisha. Sasa mtu aliye peke yake atazungumza na nani? Mwenzake ndiye saa yake na ndiye mashine yake ya kupimia, bila betri na bila intaneti.

Kuna pia hesabu ya upepo. Kwenye tambarare, mtu anayefuata karibu na gurudumu la mwenzake anaweza kuokoa hadi theluthi moja ya nguvu zake, kwa sababu wa mbele ndiye anayepasua hewa. Kila aliyetoka Sange mchana kurudi Uvira, upepo wa ziwa ukimpiga usoni, anajua maana yake. Wawili wakipokezana mbele hufika mapema, na siku inayofuata wanaweza kutoka tena. Aliye peke yake hufika amekauka, na kesho analala.

Tena baiskeli huharibika. Cheni hukatika, spoki huvunjika, tairi hupasuka kwenye jiwe. Mjini, fundi yuko kila kona. Ukipanda saa tatu juu ya Sange, fundi ni mwenzako, au ni miguu yako.

Wakubwa hawakupanda peke yao

Yeyote anayedhani kwamba bingwa hujitengeneza peke yake aangalie historia ya michezo ya ukanda huu.

Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 jijini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, dunia ilitaja jina moja. Barabarani, hata hivyo, wanariadha 41 walipokezana kumzunguka na kumkinga upepo. Na kabla ya Vienna kulikuwa na miaka ya asubuhi za Kaptagat, ambako wakimbiaji hutoka pamoja gizani, mkubwa na mdogo, bingwa na asiyejulikana.

Kwenye baiskeli, mfano wa karibu zaidi na hali ya Uvira uko Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi. Huko David Kinjah aliifanya nyumba yake ya kawaida kuwa kituo cha vijana wa kijijini waliopenda baiskeli. Walirekebisha vyuma vyao wenyewe, walilala hapohapo, na walipanda vilima kwa kundi kwenye baiskeli za milimani. Mtoto mmoja wa Kizungu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 alijiunga nao. Jina lake ni Chris Froome, na baadaye alishinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Wenzake wa kwanza wa mazoezi walikuwa vijana wa kijiji, ambao wengi wao hawakuwahi kupanda ndege.

Afrika Kusini kuna mashindano yanayoitwa Cape Epic, yaliyoanza mwaka 2004. Huchukua siku nane, kilomita kati ya 600 na 700, na kupanda kwa jumla ya zaidi ya mita 15,000. Sheria yake ya msingi ndiyo inayohusu mjadala huu: hakuna anayeshindana peke yake. Watu huingia wawiliwawili, na wawili hao hawaruhusiwi kuachana kwa zaidi ya dakika mbili. Mwenye nguvu akimkimbia mwenzake, wote wawili wanaadhibiwa. Walioandika sheria hiyo walijua kwamba milimani mtu mmoja ni hatari kwake mwenyewe.

Mwaka 2007, Adrien Niyonshuti wa Rwanda aliingia Cape Epic akiwa na miaka 20. Mwenzake alikuwa Jonathan Boyer, Mmarekani wa miaka 51 aliyewahi kushiriki Tour de France. Hawakulingana umri, lugha wala mfuko. Miaka 5 baadaye, Niyonshuti alibeba bendera ya nchi yake kwenye Olimpiki za London na akashindana katika mbio za baiskeli za milimani. Alikuwa kijana aliyenusurika mauaji ya kimbari ya 1994 na kupoteza ndugu zake. Hakusubiri mtu wa kufanana naye ndipo aanze.

Na Mkenya Sule Kangangi, aliyefariki dunia Agosti 2022 akishindana Marekani, aliacha kazi inayostahili kukumbukwa. Alisaidia kuijenga Team Amani, iliyokusanya Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wafanye mazoezi na kushindana pamoja. Mashindano ya Migration Gravel Race yaliyoanza mwaka 2021 katika ardhi ya Wamaasai, siku nne na karibu kilomita 650, yaliwapa waendeshaji wa Afrika Mashariki nafasi ya kupimana na wageni bila kwenda kutafuta viza. Fikra ya Kangangi ilikuwa rahisi: miguu ya watu wa ukanda huu haina upungufu, upungufu ni kukutana.

Aliye peke yake hushukiwa

Uvira si Kikuyu, na makala yoyote kuhusu kupanda Rurambo isiyotaja bunduki itakuwa inawadanganya wasomaji. Tangu mwaka 2017, mapigano ya milima ya Uvira, Fizi na Mwenga yamewahamisha watu wengi, yamechoma vijiji na kupora ng'ombe. Desemba 2025 vita iliingia Uvira yenyewe pale waasi wa M23 walipoingia mjini, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi. Kijana aliyekuwa na mwenzake wa mazoezi siku hizo huenda leo mwenzake huyo yuko kambini ng'ambo ya mto.

Katika hali hiyo, mtu mmoja juu ya baiskeli ya kifahari, asiyejulikana kijijini, hatazamwi kama mwanamichezo. Anaulizwa: umetumwa na nani? Simu yake iliyofungwa kwenye usukani ikirekodi njia inaonekana kama chombo cha mpelelezi. Na swali hilo si la kijinga. Januari 2018 ulimwengu uligundua kwamba ramani ya programu ya Strava, iliyokusanya njia za wakimbiaji na waendeshaji baiskeli, ilikuwa imefichua kambi za kijeshi katika nchi mbalimbali. Mlinzi wa barieri ya Rurambo hajasoma habari hiyo, lakini wasiwasi wake unafanana na wa majenerali.

Ndiyo maana katika milima hii mwenzako wa mazoezi ni kitambulisho chako. Kadi ya uchaguzi inasema jina lako na mahali ulipozaliwa. Haisemi unatafuta nini mlimani. Mtu anayejulikana barierini, anayesalimia kwa lugha ya pale na kutaja majina ya wazee wa kijiji, ndiye anayejibu swali hilo kwa niaba yako. Na siku utakapoona watu wamesimama vibaya njiani, yeye ndiye atakayejua kama ni foleni ya kawaida au ni wakati wa kugeuza.

Hapa pana jambo gumu zaidi. Katika milima hiyo, anayejulikana upande mmoja huweza kuwa adui upande wa pili. Mfuliiru, Mnyamulenge, Mvira, Mnyindu: kila mmoja ana njia anayopita bila hofu na njia asiyoikanyaga. Kikundi cha waendeshaji wa kabila moja kinaweza kufanya mazoezi, lakini uwanja wake utakuwa nusu ya mlima. Mlima mzima unahitaji kikundi chenye watu wa pande zote. Anayesema hayo ni mahubiri ya amani ahesabu njia zilizobaki wazi kwake, atapata jibu.

Wanaobeba mizigo ndio wenye miguu

Basi nani atafutwe? Wa kwanza ni hao wanaobeba mizigo. Mtu anayesukuma gunia la makaa kutoka milimani hadi sokoni, kisha akarudi na chumvi, sabuni na ndagala za kuuza kijijini, tayari anafanya mazoezi ambayo kocha yeyote angeyaandika kwenye daftari: saa nyingi, mwendo wa kadiri, mara kadhaa kwa wiki, mwaka mzima. Ng'ambo ya ziwa, wabeba ndizi wa Burundi wanaoteremka kutoka Bugarama kwenda Bujumbura wanajulikana duniani kwa kasi yao kwenye kona, na kwa hatari ya kushikilia malori wakati wa kupanda. Miguu ya Ruzizi haina tofauti na hiyo.

Wa pili ni wale ambao kazi yao inawapandisha milimani hata wasipotaka: wahamasishaji wa afya ya jamii, wachanjaji, walimu wanaofundisha vijiji vya mbali, makatekista. Hawa wana jambo jingine la thamani, nalo ni kwamba pande zote huwaruhusu kupita. Mchanjaji haulizwi kabila mara mbili pale mtoto anapoumwa.

Wa tatu ni mafundi wa kinga, kama baiskeli inavyoitwa na wengi Uvira. Fundi anajua nani ana mnyororo unaoliwa haraka, yaani nani anatembea sana. Kijiwe chake ndicho daftari la waendeshaji wote wa mtaa. Kijana anayetafuta mwenza angekaa hapo Jumamosi mbili, akaangalia baiskeli zipi zinarudi zikiwa na udongo mwekundu wa milimani, angepata majina kumi kabla ya kufungua simu.

Wa nne ni wasichana. Wapo Uvira wanaoendesha baiskeli kwenda shule na sokoni, na wapo ambao wangependa kwenda mbali zaidi kama usalama ungeruhusu. Kwa msichana, kutoka peke yake kwenye njia za pembeni ni hatari isiyohitaji maelezo mashariki mwa Kongo. Kikundi kwake ni sharti la kwanza. Ndiyo maana kikundi kinachowakaribisha lazima kiwe na zaidi ya msichana mmoja, kitoke saa ambayo kuna watu barabarani, na kisimwache mtu nyuma kwa kisingizio cha kasi.

Je, watu hawa wataweza kwenda pamoja ilhali mmoja ana gia 20 na mwingine hana hata moja? Wataweza, wakipanga. Siku ya mwendo mwepesi, mwenye baiskeli nzuri anakaa na mwenye chuma, na hapo ndipo wote wawili wanafaidika, kwa sababu kosa kubwa la kijana mwenye baiskeli mpya ni kukimbia kila siku. Siku ya kujikaza, kila mmoja anapanda kwa nguvu zake na wa kwanza anangoja juu. Kuna njia ya tatu pia, ambayo wachache wameifikiria: mwenye gia abebe sehemu ya mzigo wa mwenzake. Kilo 20 za unga kwenye baiskeli nyepesi ni mazoezi mazuri kuliko chombo chochote cha ukumbi, na mwenye mzigo anafika nyumbani mapema.

Pingamizi tatu

La kwanza litatoka kwa wazee, na lina uzito: watu wamekimbia nyumba zao, bei ya unga imepanda, nani ana muda wa mashindano ya baiskeli? Jibu ni kwamba hakuna anayemwomba mkimbizi anunue kofia ngumu. Lakini vijana wapo, na hawajaacha kuwa vijana. Asiyekuwa na kikundi cha baiskeli, mpira au kwaya atapata kikundi kingine, na Uvira inajua vikundi vingine vinavyowaandikisha vijana wasio na kazi. Mwenye mazoezi saa kumi na moja alfajiri ana sababu ya kulala mapema na watu wa kumtafuta asipotokea.

La pili litatoka kwa wabeba mizigo wenyewe: wamechoka. Anayelisha watoto kwa kupanda mlima hawezi kupanda mlima huohuo Jumapili kwa raha ya mtu mwingine. Pingamizi hili ni la haki, na mara nyingi hupuuzwa na wapenda michezo wa mjini. Kwa hiyo mazoezi yafuate safari yake. Asilazimishwe kuyafuata mazoezi. Siku anayopanda kurudi nyumbani, apande na kikundi. Kikundi kimletee tairi, viraka na breki za kweli badala ya soli ya kandambili. Na siku yakija mashindano yenye zawadi, jina lake liandikwe kwanza, baiskeli itafutwe baadaye.

La tatu litatoka kwa akina mama: Rurambo si mahali pa kupeleka mtoto wa mtu kwa ajili ya mchezo. Wako sahihi. Bunduki zikilia, hakuna mazoezi milimani. Kikundi chenye akili kinaanzia tambarare, Uvira hadi Kiliba, kisha Sange, kwenye barabara kuu, mchana. Kinapanda pale tu wenyeji wa juu wanaposema njia ni salama, na wenyeji hao wawe ndani ya kikundi. Kikiambiwa leo hapana, kinageuza bila ubishi. Simu inabaki kwenye mfuko, hakuna kurusha ramani ya njia mtandaoni, na kila safari kuna mtu mjini anayejua waliotoka ni wangapi na wanatakiwa kurudi saa ngapi.

Septemba 2025, ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani ulifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Ulifanyika katikati ya mabishano makali juu ya vita ya mashariki mwa Kongo, na kwa vijana wengi wa Kivu haikuwa rahisi kuutazama kwa furaha. Hasira hiyo inaeleweka. Lakini ndani yake lilikuwamo swali ambalo halihusu Kigali: kama mashindano yangekuja Uvira kesho, nani angesimama kwenye mstari wa kuanzia, na angekuwa amefanya mazoezi na nani?

Kinachoombwa si kikubwa

Mashindano ya kimataifa yana gharama ambazo mji huu hauna leo. Kinachoweza kufanyika ni kidogo na kiko karibu.

Kwa wapenda baiskeli: siku moja ya wiki, saa moja, mahali pamoja. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi Kavimvira, kwa mfano, baada ya misa ya kwanza au kabla ya ibada. Kikundi hakijengwi kwa ujumbe wa simu wa usiku. Kinajengwa na mtu aliyekuwepo wiki iliyopita na atakuwepo wiki ijayo, hata wakija wawili tu. Wapeane ahadi ya dakika mbili, kama ile ya Cape Epic: hakuna anayeachwa zaidi ya hapo.

Kwa ofisi ya michezo na shirikisho la baiskeli la taifa: tarehe moja kwenye kalenda. Watu hawatafuti wenzao wa mazoezi kwa ajili ya hewa, wanatafuta kwa ajili ya siku inayojulikana. Mbio za kwenda na kurudi Uvira na Sange, zenye kundi la baiskeli za gia na kundi la baiskeli za mizigo, zingeleta waendeshaji wengi kuliko semina kumi. Na ziwe za watu wawiliwawili, mmoja kutoka mji, mwingine kutoka kijiji.

Kwa wakubwa wa usalama, wa sare na wasio wa sare: asubuhi hiyo moja bila kudai faranga barierini. Mwenye baiskeli ya mzigo hulipa kila kizuizi kila siku. Akipita siku moja akiwa na namba kifuani na asiulizwe kitu, atajua barabara ile ni yake pia. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji amri.

Kwa mwenye baiskeli nzuri anayetoka peke yake kila alfajiri, ombi ni dogo kuliko yote. Kesho akipishana na mtu anayesukuma gunia kwenye kilima, apunguze mwendo. Asalimie kama anavyomsalimia mkubwa wake, aseme ni yaya wa nani, anatoka wapi. Ashike kiti cha baiskeli kwa nyuma na kusukuma hadi kilima kiishe. Mwisho wa kilima atakuwa amejua jina la mtu, jina la kijiji, na siku ya soko atakayorudi.

Wazee husema milima haikutani, binadamu hukutana. Rurambo na ziwa vitabaki mahali pake, kimoja juu na kimoja chini. Walio kati yao ndio wenye magurudumu.